Shangazi wa Barua za Wasomaji Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhariri wa barua za wasomaji, ambaye gazeti zima linamwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni.

Alianza kama mpiga chapa. Baadaye akakabidhiwa ukurasa wa barua, ambao hakuna mwandishi aliyeutaka kwa kuwa haukuwa na safari wala posho. Yeye akaugeuza ukumbi. Humo fundi cherehani alimjibu waziri, na waziri akalazimika kujibu tena. Humo mama muuza mkaa alilalamikia mtaro mmoja mpaka diwani akakimbilia kijijini kwao kwa muda.

Kanuni yake ilikuwa moja. Barua haitoki mpaka ampigie simu aliyeiandika, amsomee ilivyopunguzwa, kisha amuulize, "Hayo ni yako?" Mtindo huo ulizaa visa. Siku moja simu ilipokewa na mume wa mwandishi wa barua, naye ndipo alipojua kwamba anayeichachafya kamati ya soko kila wiki ni mkewe. Akaomba Shangazi asipunguze kitu.

Shangazi ametuomba tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, na lile la mwaka wa uchaguzi tuliandike. Basi tunaliandika.

Mwaka ule mwenye gazeti aligombea ubunge. Barua za kumsifu zikaanza kushuka kutoka ofisini kwake, ghorofa ya juu, zikiwa na majina ya watu na namba za simu. Shangazi akapiga namba ya kwanza. Simu ikalia humo humo chumbani, mezani kwa mwandishi wa michezo, kwenye laini aliyopewa asubuhi hiyo. Akaipokea kwa mazoea: "Michezo hapa, nani mwenzangu?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alimuuliza huku wanatazamana, "Hayo ni yako?"

"Shangazi, kata simu," akajibu kwa sauti ya chini. "Nina watoto."

Akakata. Barua ikatoka, zikafuata nyingine nyingi, na hakupiga simu tena mpaka kura zilipohesabiwa. Mwenye gazeti alishinda.

Wiki hiyo alikuja mapokezi muuguzi mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Barua yake kuhusu wapigakura waliorudishwa nyumbani bila kupiga kura ilikosa nafasi. Hakufoka. "Nilidhani humu tunaongea sisi," alimwambia Shangazi, akamwachia gazeti lake juu ya kaunta, akaenda zake. Wengi walimfuata. Leo ukurasa ule unajazwa na matangazo ya viwanja, na wasomaji wanajibizana kwenye simu zao, ambako uongo na ukweli vinalala kitanda kimoja. Tukilalamika kwamba hawatuamini, tukumbuke nani aliyewafukuza.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, Shangazi aliomba nafasi ya kuwaomba radhi wasomaji katika ukurasa wake wa mwisho. Jibu la mwenye gazeti lililetwa na mhariri mkuu kwenye kikao cha Jumatatu: itoke, mradi iwe na jina la Shangazi peke yake. Shangazi akasema sawa, aliyezipitisha barua zile ni yeye. Wengine tuliitazama meza kana kwamba ndiyo kwanza tunaiona siku hiyo. Yule wa michezo, ambaye sasa ni mhariri wa habari, akainuka.

"Na langu liwekwe," alisema. "Asiyetaka aje aniambie mimi."

Mhariri mkuu hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba ukurasa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Mpaka tunaandika haya, majina chini ya ombi hilo la radhi ni mawili. Lakini barua zile hazikujitunga, hazikujipiga chapa, wala hazikujipanga ukurasani. Zilipita mikononi mwetu, tukazifanyia mzaha wakati wa chai, tukapokea mshahara mwisho wa mwezi. Hafla ya kuaga ni saa kumi na moja, chumba cha mikutano, na keki imekwisha agizwa.

Shangazi, ahsante kwa kutulea, na kwa kutopenda kusifiwa bure. Tunakutakia afya njema, usingizi mtamu na wajukuu wasiokuachia nafasi ya kuchoka. Nasi tujitakie kwamba, tutakapokupa mkono Ijumaa, tutaweza kukutazama usoni.