Barua Iliyo Chini ya Mto

Ummy, rudisha mlango uweke na kile kiti nyuma yake, maana mlango huu haujafunga vizuri tangu baba yenu yu hai. Haya, kaeni. Mansour, njoo hapa miguuni pangu, wewe ndiye mkubwa. Ubwa, mkwe wangu, usisimame kama uliyekuja kudai, ingia ukae mkekani. Saadiya, wewe bakia hapo kichwani, ulipopazoea.

Sikilizeni wanangu. Kabla sijafungua mdomo nataka kila mmoja aape: Wallahi, ntakachokisikia chumbani humu hakitoki. Mansour, sikukusikia. Ehe. Na wewe Bi Amne, uliyeegemea dirisha lako hapo ng'ambo ya kichochoro ukijifanya unaanua nguo, nguo zimekauka tangu adhuhuri, apa na wewe. Ahsante. Basi tumeapa sote, na mimi niliapa kabla yenu, Ijumaa ya wiki jana, kwamba siri niliyopewa nitakwenda nayo kaburini. Lakini kaburi naliona lile linakuja, na siri bado i moto mdomoni, na mimi tangu kuumbwa kwangu sijapata kulala na jambo la mtu likafika asubuhi, hili nimelilalia siku nane na limenimaliza kuliko huo moyo wanaosema umechoka. Saadiya amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari.

Tulia, Saadiya. Usinifinye bega. Nshasema, halirudi.

Udaktari, Mansour, si uuguzi, uuguzi anao. Miaka ishirini kituoni kule shamba anapokea watoto wa watu, anaita daktari, daktari hayupo, anafanya yeye, kisha daktari anakuja kutia saini. Ameomba kwa siri na kufanyiwa usaili kwa siri, nyinyi mkidhani amekwenda semina, na chuo cha Dar kimemkubali. Kesho Jumapili boti ya saa moja asubuhi, Jumatatu ajisajili, na asipofika na barua yake mkononi nafasi anapewa mwengine. Na yeye hataki kwenda. Anasema ana miaka arobaini na tatu. Anasema mama mgonjwa. Anasema atakaa benchi moja na watoto sawa na mwanawe, watamwita mama na kumuuliza leo kumepikwa nini. Alinisomea barua ile hapa kitandani, akalia, akaniapisha, akasema anakwenda kuichana. Nikamwambia, niletee maji ya kunywa kwanza. Alipokwenda mtungini nikaiiba.

Ndiyo, mimi. Wiki nzima Saadiya anapindua nyumba, mkimuuliza unatafuta nini anasema herini, na nyinyi kwa huruma zenu mkamsaidia kutafuta herini ambayo haijapata kupotea. Mansour ulisukuma kabati mpaka mgongo ukakushika. Ummy ulichekecha pishi nzima ya unga. Bi Amne, Mungu akulipe, ulimtilia shaka mpaka yule bibi anayeniletea maziwa, na mtaa mzima ukajua ana mkono mrefu, basi kesho umwendee ukamwombe radhi. Mimi nlikuwa nimelala hapa nakutazameni, na kila mkinigeuza ubavu nlikuwa naomba karatasi isilie. Ipo hapa, chini ya mto huu. Kipembe chake kinanichoma shingo hivi nnavyosema.

Sasa nikwambieni kwa nini mimi, mtu wa kusengenya, niligeuka mwizi uzeeni.

Mnajua kazi yangu ilikuwa kukanda wazazi. Hakuna nyumba humu mjini, kutoka Malindi mpaka Shangani, ambayo mwanamke kajifungua na mimi sikupanda ngazi zake na chupa yangu ya mafuta, nikamkanda, nikamfunga tumbo kwa kanga, na kushuka na habari za nyumba ile zote, nani hasemi na nani, bwana kalala wapi. Nilikuwa nikimchukua Saadiya, mtoto wa miaka saba, anibebee kibeseni. Mimi nakanda, masikio yangu yako chumba cha pili. Yeye keshamshika mzazi kifundo cha mkono, kafumba macho, midomo inakwenda. Siku moja Bi Saada wa Kiponda, Mungu amrehemu, siku ya tatu ya uzazi wake, huyu mtoto akanivuta nguo: mama, mshipa wa leo unakimbia. Nikamwambia nyamaza, acha uchuro. Akalia mpaka bwana wa yule mama kwa kuona haya akaita gari, na hospitali wakasema mngechelewa mpaka magharibi mngekuja na maiti. Sikumwambia mtu kwamba aliyejua ni mtoto. Nilisema nilijua mimi. Miaka thelathini na sita nimesifiwa kwa hilo, nimepewa na doti ya kanga, na leo nalirudisha kwa mwenyewe. Hilo la kwanza.

La pili ni zito, nipeni maji. Kidogo tu. Haya.

Mwaka ule Saadiya alipomaliza skuli, alikaa miezi akingoja jibu la kwenda kusoma, na jibu halikuja. Mnakumbuka alivyokuwa akikimbilia mlango kila ukigongwa. Basi jibu lilikuja. Lililetwa na Mzee Gharib, tarishi wa ofisi ya elimu, asubuhi ya Alhamisi, akanikabidhi mimi hapo chini mlangoni, akasema hongera Bi Kidawa, umezaa daktari. Mimi darasa langu la nne, lakini kusoma nasoma. Nikasoma mara mbili. Baba yenu alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Wewe Mansour umeoa, uko kwa mkeo, Ummy bado anakojoa kitandani, usinune Ummy, ulikuwa mkubwa kweli, na Ubwa keshaleta posa ya Saadiya na harusi imebaki wiki mbili. Nikajiona nimebaki peke yangu na ngazi hizi. Na nikawasikia, Wallahi niliwasikia kwa masikio haya kabla hawajasema, watu kwenye baraza zote nilizokaa nikawasema watoto wao: mtoto wa Bi Kidawa kavunja posa, mtoto wa Bi Kidawa yuko bara peke yake, mtoto wa Bi Kidawa hivi na hivi. Nilikuwa najua watasema nini kwa sababu ndivyo ambavyo ningesema mimi.

Siku ya kufukiza nguo za bibi harusi, makaa yakiwa mekundu kwenye chetezo, nikaikunja ile barua nikaitia chini ya udi. Somo yake, kungwi aliyekuwa akimfunda, alinusa, akasema, Kidawa, udi gani huu unaonuka karatasi? Nikasema wa kutoka Oman. Nguo zako za harusi, mwanangu, zilifukizwa kwa barua yako. Ukazivaa, ukanibusu mkono, ukasema mama nnanukia vizuri.

Ubwa, usiinamishe kichwa, wewe hukujua, na mke umemtunza. Mansour, usinitazame hivyo, ntakufa dakika si nyingi, utanitazama hivyo wakati nimevishwa sanda na sitokujali. Saadiya, mimi sikuoni, uko nyuma ya kichwa changu, na nimekuweka huko makusudi kwa sababu sikuwa na moyo wa kulisema hili nikikuona. Machozi yako yanadondoka kwenye paji langu, yaache. Huna haja ya kusema umenisamehe leo. Hata ukitaka kukaa na hasira miaka mitano ya kusoma, kaa nayo, itakuweka macho ukisinzia kitabuni.

Ndiyo maana uliponionyesha barua ya pili nikaiiba. Ya kwanza niliichukua nikaiunguza. Hii nimeilalia.

Basi usia wangu ndio huu. Nyumba na shamba sizigusi, mirathi ni ya sheria, mtakwenda kwa kadhi agawe. Nasema vitu vyangu vidogo, na naomba mridhiane. Kasha na kanga zilizomo ni za Ummy, ila ile nyeusi na nyeupe iliyochanika pindo mnifunike nayo nikioshwa, imenifaa sana. Chetezo mpeni Bi Amne, afukizie hilo dirisha lake. Chupa yangu ya mafuta ya kukandia ni ya Saadiya. Najua huko hawakandi kwa mafuta, aiweke tu mezani anaposomea, na wale watoto wenziwe wakiuliza nini hiki awaambie ni chuo changu cha kwanza.

Mansour na Ubwa. Miaka tisa hamkupeana mkono kwa sababu Mansour siku ya harusi ya Ummy alisema mbele ya watu kwamba dada yake Saadiya kaolewa na mchunga kima. Kwanza, hao kima punju anaowalinda Ubwa msituni Jozani wana adabu kuliko makuli wa bandarini unaokaa nao wewe. Pili, nilicheka, na neno lenyewe nikalipeleka mpaka Chukwani, kosa langu. Shikaneni mikono sasa hivi nione. Si ncha za vidole! Hivyo. Kwa sababu, Mansour, najua utakavyosema mimi nikinyamaza: nani atamwangalia mama, nani atampikia Ubwa, mke wa mtu anakwenda kufanya nini Dar? Ubwa anapika, nimekula pilau lake, chumvi tu hajaijulia. Ummy atalala hapa. Na wewe umebeba mizigo ya watu Malindi tangu una ndevu mbili, mama mmoja mwenye miguu ya kuvimba hakushindi kumnyanyua mpaka chooni.

Kiapo changu nilichokivunja kina kafara. Masikini kumi walishwe, Mansour, washibe, si kuonjeshwa.

Nikifa Saadiya yuko huko, nizikeni. Msiweke jeneza kungoja boti. Asipigiwe simu akiwa darasani. Apigiwe baada ya alasiri, na apige Mansour, si Ummy, Ummy atalia tu na mwenzake asijue nani kafa. Na akitaka kuja kwenye hitima aje, ila kesho yake arudi, na asiwepo mtu wa kumwambia neno lolote kwenye ngazi hizi.

Saadiya, radhi zangu sizifungi kwenye barua. Ukienda unazo, usipokwenda unazo, ulizipata siku ulipokuwa unabeba kibeseni. Siwezi kukuamrisha, nilishakuamulia mara moja na nyote mmesikia nilivyoamua. Barua iko hapa chini. Chaguo ni lako... pumzi hii... ngoja kidogo.

Mola akulindeni. Akupeni... akupeni kupendana, na... rizki ya halali, na wazee msiwasengenye kama mimi... wasengenyeni kidogo. Mansour, ukali upunguze. Ummy, mwanangu wa mwisho... Nimechoka sasa. Nifumbe macho. Msiondoke, kaeni tu, semeni polepole...

...La ilaha illa Llah...

...

Haa! Nimemshika! Ummy, fungua dirisha lote mwanga uingie, Bi Amne chungulia vizuri, leo nakupa ruhusa. Mansour, Ubwa, njooni huku muwe mashahidi. Mwasema nilikuwa nakata roho? Bado. Nilikuwa namngoja mwizi. Tazameni mkono wake wa kushoto uko wapi: chini ya mto wangu, mpaka kiwikoni, na barua keshaikamata, sikilizeni inavyolia. Alikuja kuiba karatasi yake mwenyewe kwa mama anayekufa, akaichane.

Usiutoe, Saadiya. Uache hapo hapo watu wauone. Na huu mwengine je, huu wa kulia? Fanyeni taratibu, mtamkatiza. Tazameni ulipo. Uko kwenye kifundo cha mkono wangu, na ulifika huko kabla ya ule wa kuiba, nimeusikia, vidole vitatu, na macho kayafumba, na midomo inakwenda kama alipokuwa na miaka saba. Mwizi gani huyu, jamani, anayeanza kwa kumpima mwenye mali?

Basi usiache katikati, mwanangu. Maliza kuhesabu mapigo, kisha sema kwa sauti, na kaka yako asikie.

Mangapi, daktari?