Bi Kipimo na Kibao Kilichoinama

Marehemu, aliyeitwa Bi Kipimo na kazini na mtaani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa pili na wa mwisho. Kaka yake, ambaye sasa ni seremala, alikuwa na miaka minne. Alimtazama kwa kijicho tangu siku hiyo: mgongo wa mama ulikuwa umepata mpangaji mpya.

Bi Kipimo alianza shule mwaka 1968. Kaka aliishia darasa la sita, kwa sababu, anasema, madawati yalikuwa mabovu. Mdogo wake alikalia madawati yaleyale akafika chuo cha eksirei, akahitimu 1984.

Mwaka 1987 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Kitanda cha maharusi alichonga kaka, na hamjawahi kulalia kama kile. Sifa zote akapewa bibi harusi.

Kwa miaka thelathini alifanya kazi chumba cha eksirei ya matiti. Yeye ndiye aliyepima kila mwanamke amepokea mionzi kiasi gani. Hesabu hiyo hutegemea unene wa titi likiwa limebanwa na kibao cha plastiki. Mwaka 2003 kaka alipeleka kabati humo, akaona kibao kikibana sponji la majaribio.

"Mdogo wangu, kibao chako kimeinama."

"Kaka, mashine imekaguliwa."

"Na nani, kipofu?"

Kaka akachomoa rula, akapima nafasi chini ya kibao. Nyuma milimita hamsini na mbili, mbele arobaini na sita. Mashine ilisoma nyuma tu, ikadhani titi ni nene kuliko lilivyo, na titi jembamba hupata dozi kubwa zaidi kwa mionzi ileile. Bi Kipimo akarudia hesabu za wanawake mia mbili na kumi na wawili. Walikuwa wamepokea mionzi zaidi ya ilivyoandikwa. Kibao kikabadilishwa.

Mwaka uliofuata Bi Kipimo akapewa cheti cha kugundua kosa hilo. Kaka alikaa safu ya nyuma, mikono kwapani, hakupiga makofi. Kwa miaka ishirini, akiulizwa habari za mdogo wake, alijibu, "Yupi, mwenye cheti?"

Novemba 2023 Bi Kipimo alianza kuugua moyo.

"Bado umenuna, kaka?"

"Ninunie karatasi?"

"Kasome daftari langu la mwaka wa kibao."

Hakwenda; nani ataka kusoma sifa za mwenzake? Bi Kipimo alifariki Jumanne, 12 Machi 2024. Jana kaka akalifungua lile daftari. Juu ya zile hesabu mdogo wake ameandika: "Kosa limeonwa na kaka yangu, seremala. Nimeomba cheti kiwe chake, wamekataa, eti hana elimu. Sijamwambia, atalia."

Na kweli alilia.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na kaka anayemwonea wivu hata leo, maana mdogo analala kando ya kaburi la mama, mahali kaka alipopatamani. Jeneza amelichonga kaka mwenyewe. Mfuniko ameupima nyuma, akaupima na mbele. Haukuinama.

Mdogo wangu, lala kwa amani.