Binti wa "Veve Taka Nini"

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha Mwanza nyuma pale Odeta, muuguzi aliyekuwa akirudi kazini Sengerema, alipomsikia mzee mwenye kofia ya pama akimgeukia binti wa Kihindi aliyeketi kando yake.

"Samahani mwanangu, si wewe yule wa vichekesho vya nyimbo kwenye televisheni? Yule wa 'veve taka nini'?"

"Shikamoo mzee. Ndiye mimi, Minaz wa Igogo. Kiswahili kile wananiandikia tu."

"Marahaba. Afadhali wewe humo wamekufanya mwenye duka! Msukuma wa humo kila siku ni mlinzi, na kila siku anaibiwa akiwa macho. Kwa nini mnakubali?"

Odeta, ambaye humcheka mlinzi huyo mpaka machozi, aliona haya, akatazama ziwani.

"Kabla yangu hamkuwa na Mhindi hata mmoja humo," Minaz alisema. "Juzi nimewaambia siendelei mpaka niimbe Kisukuma, na mlinzi apewe akili. Wimbo wamekubali. Mlinzi bado."

"Nusu ya haki si haki, mwanangu."

"Lakini mwaka jana hata nusu haikuwepo, mzee."

Mzee aliguna. "Haya, hebu uimbe huo wimbo."

Minaz akauimba taratibu. Mzee akamsahihisha neno moja, kisha akaitikia. Akina mama wauza dagaa waliokaa karibu wakaitikia pia, na Odeta akajikuta naye anaimba.

Kivuko kilipotia nanga Kamanga, wawili hao walishuka wakibishana juu ya mlinzi, na Odeta akaharakisha nyuma yao asikose kusikia ubishi huo utaishaje.