Mdogo Wangu na Mlango wa Mbele

Sogeeni jamani, walio uani waingie, nafasi ipo, wenye simu wazinyamazishe na sisi tujinyamazishe, maana marehemu hakupenda kukatizwa maneno, na hii ndiyo mara ya mwisho tunamzungumzia akiwa bado yumo ndani. Mimi ni dada yake niliyembeba mgongoni, kalamu sikuijua, haya nimeyasema kwa mdomo na binti yake wa pili akayaandika.

Mdogo wangu alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Machi 1949, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la baba yetu, kitinda mimba wa watoto watatu, na mkunga akasema, kwa kilio hiki huyu ama mwadhini ama dalali wa mnada, akasahau kwamba kapokea mtoto wa kike.

Alianza shule mwaka 1957, baba akafariki 1962, na kaka yetu mkubwa, kijana hata ndevu hana, akashika futi na mkasi wa duka, akamsomesha mpaka akahitimu ualimu Desemba 1968. Akafundisha hesabu, na tarehe 5 Mei 1973 akaolewa na fundi saa, marehemu shemeji yangu, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 1984 mwalimu mwenzake alifia njiani akipelekwa kujifungua, ndipo mdogo wangu akaniambia, dada, nimechoka kuhesabu mayatima darasani, nakwenda huko wanakogawa fedha za hospitali. Kaka aliposikia anagombea ubunge, akaja juu, nimekusomesha ufundishe watoto, si ubishane na wanaume hadharani, wallahi ukipanda jukwaani, mguu wangu haukanyagi kwako.

Akapanda, na ushungi wake. Wahuni wakamzomea, mama, na kitambaa hicho kichwani utasikika kweli, akawajibu, kimefunika nywele, hakikufunika ulimi. Wakamgeukia mumewe, shemeji, sasa kwenu nani anapika, naye hata hakuinua macho kwenye saa yake, akasema, mwenye njaa.

Oktoba 1985 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kuingia bunge la nchi hii, na siku ya kwanza mlinda mlango akamzuia, mama, wageni wanapita nyuma, akamwambia, baba, mimi si mgeni, nimetumwa. Akapita mbele. Alikuwa naibu waziri, kisha kuanzia 1995 hadi alipostaafu 2005 waziri wa afya, na kila wilaya aliiacha ina wodi ya wazazi, na akina mama waliojifungulia humo wengine wako hapa na watoto wao.

Milango yote ilimfungukia, lakini wake mwenyewe haukuvukwa na kaka. Kila Ijumaa alimtengea kikombe cha chai sebuleni, akatuma watu, mwambieni yamini aliyoapa ina kafara ya kuifungua, alishe maskini kumi aje zake, na kaka akawajibu, mimi simezi maneno yangu. Na huyo huyo, wateja walituambia, bunge likitangazwa redioni hakati kitambaa mpaka mdogo wake amalize kusema.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Alipolazwa, kaka akaja kila siku, akakaa pembeni ya kitanda, akisema hospitali si kwake, na mgonjwa akacheka mpaka akakohoa, kaka, ungetufaa bungeni, unajua kupenya katikati ya sheria. Madaktari walipotuambia wamefika mwisho wao, akasema, nirudisheni kwangu, nataka nimwone akiingia.

Tukamrudisha Jumatano tarehe 13 Novemba 2019. Alhamisi asubuhi kaka akapika, akawaita maskini kumi, akawapakulia mwenyewe, tisa wakashiba wakaondoka, wa kumi alikuwa mzee asiye na meno, anatafuna polepole, na kaka hakuthubutu kumharakisha, asije akaivunja kafara. Huku nyumbani mdogo wangu akawa anauliza, ameshafika, nasi tunamwambia, yuko njiani. Kabla ya adhuhuri akanyamaza. Kaka alipovuka kizingiti, chai tuliyomtengea ilikuwa bado ya moto.

Amekaa pale, kwenye kiti chake, na ndiye aliyeniambia, hilo nalo lisomwe, usinifiche.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotufungulia nyumba zao, wabunge wenzake wake kwa waume, na yule mlinda mlango, sasa mzee, aliyefika leo kwa mkongojo, tukampitisha mbele.

Mirathi itagawanywa kama dini ilivyoelekeza, ila vitu vidogo alivitaja mwenyewe. Binti mkubwa, saa ya ukutani ya baba yao. Mwana wa kiume, miwani na vitabu vya hesabu. Binti wa pili, ambaye watu wameanza kumnong'oneza agombee, viatu vyake vya bungeni, avivae hata vikimbana. Mimi, ule ushungi wa jukwaani. Na kaka yetu, kikombe kile, na ufunguo wa mlango wa mbele, awe anaingia apendapo bila kupiga hodi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kaka ameingia.