Pai ya Nadine

Ndani ya basi la mji wa Akron, Marekani, Verna aliketi kando ya mama asiyemjua, aliyepakata mifuko ya duka la kanisa, lile linaloziuzia familia zenye shida chakula kwa bei ya chini.

"Mbona unaikodolea macho mifuko yangu, dada? Njoo nawe Jumamosi. Kuna mayai, kuna kuku."

"Mimi? Nitaingia mle kwa uso gani?" Tangu aachishwe kazi kiwandani, Verna alikuwa akipita mlangoni pale bila kuingia. "Mdogo wangu Nadine alikuwa akinunua mle. Sikukuu ya Shukrani akatuletea pai ya maboga. Nikaisukuma kando mbele ya wageni, nikasema kwangu hatuli vya msaada. Akachukua koti lake akaondoka. Hajarudi tena."

"Makubwa! Ulimkosea sana."

"Najua."

Abiria wa nyuma waliacha kujifanya wanatazama theluji.

"Basi mpigie. Mwambie pai ilikuwa tamu."

"Sikuionja. Niliitupa."

"Hilo usimwambie, utaharibu zaidi!"

"Kwa hiyo nilimkosea, na sasa nimdanganye?"

Yule mama alifungua kinywa ajibu, lakini basi lilikuwa limeshasimama kituoni kwake. Verna alisogeza magoti kumpisha, simu mkononi, jina la Nadine bado hajalibonyeza.