Mama Asumini na Panzi Waliopashwa Moto

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika maabara yetu ya fiziolojia hapa Goma, Mama Asumini Hassani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tumeombwa tuandike wasifu wake kwa heshima na kwa ufupi. Kwa heshima tutajitahidi.

Mama Asumini ni mtoto wa Majengo, binti wa dereva wa malori kutoka Maniema. Baba yake alipata kiharusi akiwa bado na nguvu, akapoteza maneno yote isipokuwa majina ya miji ya njiani. Akitaka chai, aliita Walikale. Binti yake alijifunza kumuelewa, kisha akaenda chuo kikuu kuuliza kwa nini seli ya neva ikiumia hairudi kama zamani. Mpaka leo bado anauliza, na sisi wenzake bado tunajifanya tunajua jibu.

Somo lake kubwa ni protini za mshtuko wa joto. Kila protini katika seli imekunjwa kwa namna yake. Joto likizidi, zinakunjuka na kugandana, na kazi inasimama. Hapo ndipo protini hizi za msaada zinapoingia: zinazishika zilizovurugika na kuzikunja upya, kama muuza vitenge baada ya wateja kuchambua meza yake yote bila kununua. Tena seli iliyoonja joto kidogo hujiwekea akiba ya wasaidizi hao, na joto kali likija baadaye, neva zake haziharibiki upesi.

Kwa kuchunguza jambo hilo alifuga panzi. Aliwasalimia kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi. Umeme ulipokatika, yaani mara nyingi, aliwapasha joto ndani ya beseni juu ya babula ya makaa nyuma ya jikoni, kipimajoto mkononi, huku akiwabembeleza wavumilie. Na kwa kuwa aliamini sayansi isemwe katika lugha tunayopikia, hakukubali vibandiko vya Kifaransa. Sanduku moja liliandikwa BADO. La pili liliandikwa WAMEPASHWA MOTO.

Basi ikafika siku ya kamati. Wakubwa walitaka kukigeuza chumba chake kuwa depo ya viti vya sherehe, na Mama Asumini alipewa asubuhi moja tu ya kuwaonyesha kwamba kazi yake ina maana. Panzi walikuwa tayari. Bahati mbaya, mpishi wetu Masika, mtu wa Butembo anayejua thamani ya panzi, alikuwa ameagizwa awatafutie wageni kitu cha kutafuna. Alisoma kibandiko, akafurahi kwamba kazi imepungua, akawatoa mabawa, akaongeza kitunguu na pilipili.

Profesa Rémy, rais wa kamati, aliomba sahani ya pili. Mama Asumini aliingia akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, akaitazama sahani, akakaa chini polepole. Masika alijitetea mbele ya wote: "Mama, ni weye uliandika. Kitu yenye banapasha moto, si ni ya kula?"

Sisi tulikuwa tunatazama dari ili tusicheke, na wakati huohuo tuliogopa kweli, maana chumba kilikuwa kinaondoka. Ndipo Mama Asumini aliposimama na kuwaambia: "Bazee, muliisha kula matokeo yangu. Munipe juma mbili. Nitaleta ingine, lakini ile hamutaikula."

Wakampa. Mtu akishashiba panzi wa mwenzake, ni vigumu kumfukuza. Baada ya wiki mbili walirudi. Masanduku yote mawili yalitiwa katika joto kali: wale wa BADO walilegea na kulala, wale wengine waliendelea kurusha miguu kana kwamba ni asubuhi. Profesa Rémy aligusa mmoja kwa kidole, akarukiwa hadi kwenye tai yake ya shingoni. Chumba kikabaki maabara. Masika akapewa kazi ya kulisha panzi, kwa masharti.

Tangu hapo wanafunzi wengi wamepita pale, na mmoja wao, Farida, ndiye anayechukua nafasi yake. Wiki iliyopita Farida alitoa somo lake la kwanza. Mama Asumini alifika kwa mazoea, akasikia kutoka ndani sauti ikieleza, kwa Kiswahili, namna neva inavyojilinda. Hakuingia. Alisimama kizingitini mpaka somo likaisha, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, akatuambia anakwenda nyumbani.

Aksanti, Mama. Umetufundisha na umetuchekesha, na tutakukosa sana. Mungu akupe siku nyingi zenye afya na usingizi wa mchana. Nenda kwa amani: somo linaendelea.

Luc, kwa niaba ya wenzako wote wa maabara