Mwizi wa Mablanketi wa Kona ya Mwaloni

Wasikilizaji wapendwa, leo sina wimbo wa kufungulia kipindi. Wekeni kikombe cha kahawa chini kidogo, mnisikilize. Jumatatu asubuhi alifariki Belmiro Taveira. Belmiro dereva. Alikuwa na miaka sitini na minane, na alifia kitandani kwake hapahapa kijijini kwetu Vilar das Cerdeiras, mapafu yakiwa yamechoka. Juzi tumemzika. Leo ni Ijumaa. Keshokutwa, Jumapili, ni mbio zetu za magari za kupanda mlima. Siku hizo zishikeni vizuri, maana nitazirudia.

Wengi wenu hamkumwita Belmiro. Mlimwita mwizi wa mablanketi. Na mimi nilimwita hivyo hivyo, tena kwa sauti, tena nikicheka.

Baba yake alikuwa muoka mikate. Belmiro alijifunza kuendesha kwenye gari la mikate, kutoka darajani hadi kanisa dogo la juu, kona kumi na saba, kila asubuhi. Dada yake Zulmira bado anakumbuka baba yao alivyokuwa akisimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi, akipiga kelele: "We Belmiro! Utafikisha mikate kabla haijaiva!"

Mwaka 1985 alishinda mbio zetu kwa mara ya kwanza. Alishinda kwa gari dogo jeupe alilolitengeneza mwenyewe uani. Zawadi yenyewe haikuwa kubwa, lakini Jumatatu yake alipanda basi hadi mjini Porto, akarudi na boksi moja kwapani. Ndani mlikuwa na viatu vyekundu vya Zulmira. Zulmira alikuwa na miaka ishirini na moja, na hakuwahi kuwa na viatu ambavyo mtu mwingine hakuvivaa kwanza. "Nilivivaa hata kwenda kulisha kuku," ananiambia. "Mama akasema nimepata wazimu."

Vikumbukeni hivyo viatu vyekundu.

Sasa, Kona ya Mwaloni mnaijua. Kushoto kuna mwaloni mkubwa. Kulia, upande wa nje wa kona, kuna ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Pale juu ya ukuta ndipo tunapokaa siku ya mbio, miguu ikining'inia barabarani. Kila nyumba ina nafasi yake, tumeirithi kwa mama na baba. Alhamisi unapeleka blanketi lako, unalikunja, unaliweka juu ya ukuta, na jiwe juu yake. Basi. Hakuna mkono utakaoligusa hadi Jumapili. Mtu anaweza kukuibia matunda yako ya cherry mchana kweupe, lakini blanketi la ukutani haligusi mtu.

Juni ya 1986, siku ya mbio, kulinyunya mvua nyepesi. Ni ile mvua ambayo hata kofia huvai. Belmiro aliingia Kona ya Mwaloni akiwa anaongoza. Nyuma ya gari ikaponyoka. Gari likaanza kwenda kwenye ukuta, na ukutani walikuwa wamekaa watu thelathini na wawili. Halafu, ghafla, likageuka upande wa pili, likaukumbatia mwaloni.

Mbavu tatu zilivunjika. Mkono wa kulia ulivunjika mara mbili na haukunyooka tena hadi alipofariki Jumatatu hii. Lakini ukutani hakuna aliyekwaruzwa hata ukucha. Hakuna hata mmoja, wasikilizaji wapendwa. Watu walipiga magoti kwenye lami iliyolowa. Padre akaamuru kengele ipigwe. Mtakatifu Antonio ametulinda! Wiki haikwisha, kigae chenye picha ya mtakatifu kikabandikwa kwenye ukuta.

Na hapo ndipo tulipokosea. Sisi sote. Tulipaswa kuuogopa ule ukuta. Badala yake tukaupenda zaidi. Mwaka uliofuata walikaa watu hamsini na zaidi. Kina mama walileta watoto wachanga, eti wapate baraka.

Belmiro alitoka hospitali ya wilaya mwezi wa Agosti. Aliingia kwenye mkahawa wa Custódio na helmeti mkononi, akaiweka kaunta. "Iweke juu ya rafu, Custódio. Mimi basi."

Custódio akacheka. "Basi nini? Kilichovunjika ni mkono au ni moyo?"

"Andika moyo," akasema Belmiro, akanywa kahawa yake, akatoka.

Tulimtania, jamani, tulimtania. Alianza kutengeneza matrekta. Aliendesha gari lake taratibu mpaka watu wakasema ukitaka kuchelewa kanisani, omba lifti kwa Belmiro. Halafu mwaka 1987, Jumamosi ya kabla ya mbio, kulipopambazuka, alipanda peke yake hadi Kona ya Mwaloni. Akakusanya mablanketi yote. Akayabeba kwa ule mkono mmoja mzima, safari baada ya safari, hadi kwenye kibaraza cha kanisa dogo, juu kabisa ya barabara, mahali gari lililoponyoka haliwezi kufika hata likitaka. Akayapanga vizuri, kila blanketi na jiwe lake.

Loo! Ilikuwa balaa. Mama yangu alirudi nyumbani akifoka. "Yule kilema amenigusia blanketi langu!" Tukaenda, tukayachukua, tukayarudisha ukutani. Mwaka uliofuata akayahamisha tena, tukayarudisha tena. Miaka thelathini na minane, wasikilizaji wapendwa. Yeye anahamisha, sisi tunarudisha. Nyumba chache ziliacha kurudisha, kwa kuchoka tu. Walikaa kule kibarazani, na sisi wa ukutani tukawaita waoga.

Alikwenda pia kwenye kamati ya mbio. Mwenyekiti alikuwa Senhor Abílio, ambaye naye sasa ni marehemu. Belmiro hakuomba makubwa. Aliomba ukuta uachwe wazi, magunia ya mchanga yapangwe mbele yake, na awepo mtu wa bendera wa kuwaonya madereva kabla ya kona.

"Belmiro, mwanangu," Abílio akamwambia, "ukiwaondoa watu ukutani, hizi si mbio tena. Hayo ni mazishi."

"Senhor Abílio, ukiwaacha, ndiyo yatakuwa mazishi."

"Shika mdomo wako! Unapatabiria mabaya mahali palipobarikiwa?"

Mwaka 2011 gurudumu lilichomoka kwenye gari la kijana mmoja. Likaruka, likapita juu ya ukuta, likaangukia nafasi ya Dona Leontina. Dona Leontina alikuwa amenyanyuka kwenda kujaza chupa ya maji. Ndio kwanza amenyanyuka. Blanketi lake lilikatika katikati. Belmiro alilichukua, akalitandika mbele ya kamati juu ya meza, matope na yote. Abílio akapiga ishara ya msalaba, akatabasamu. "Umeona? Hata gurudumu linamheshimu mtakatifu."

Belmiro aliketi chini palepale, kwenye sakafu. Dona Leontina anasema hajawahi kumwona mwanamume mzima akilia namna ile, bila sauti.

Sasa nifikie lililonileta hapa. Wiki mbili zilizopita, Belmiro alimwita Zulmira kitandani. Jana Zulmira alinisimulia, na amenipa ruhusa niwasimulie. Nitayasema kama alivyoyasema.

"Zulmira, unajua kwa nini niliacha mbio?"

"Mkono."

"Si mkono. Gari lilipoponyoka niliona miguu tu. Huoni nyuso pale chini, unaona miguu. Miguu mingi, na katikati viatu vyekundu. Nikakata usukani."

"Kwa hiyo uliniokoa, kaka."

"Nilikuokoa wewe. Hao wengine walikuwa wamekaa karibu yako, ndiyo bahati yao. Nimejiuliza miaka yote hii: kama ungekuwa umevaa viatu vyeusi, ningekata? Sijui, Zulmira. Naapa sijui. Mbele kulikuwa na mti, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Watu wanamshukuru mtakatifu. Mtakatifu gani? Ni vile viatu."

Zulmira alimshika ule mkono uliopinda. Ndipo Belmiro akasema neno la mwisho ambalo dada yake alilielewa vizuri. Alisema, "Jumamosi nani atapanda?"

Wasikilizaji wapendwa, wakati ule mimi nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa ukutani, mtu wa tatu kutoka kwa Zulmira, na cherry mdomoni. Kwa hiyo nazungumza nanyi leo kwa sababu ya jozi ya viatu. Nimemcheka yule mtu maisha yangu yote, na naona aibu, na sitaificha redioni.

Jana ilikuwa Alhamisi. Kaburi la Belmiro bado lina maua mabichi, na mablanketi yameshapelekwa. Leo asubuhi, kabla sijaja studio, nilipita Kona ya Mwaloni. Nimekuta kumi na tisa. Kigae cha mtakatifu kimepanguswa vumbi. Mtu ameweka mshumaa. Magunia ya mchanga hakuna. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema Jumapili kutakuwa na mvua nyepesi, ile ambayo hata kofia huvai.

Zulmira, pole sana. Poleni wajukuu wa muoka mikate, pole Custódio ambaye bado una helmeti ile juu ya rafu. Tumempoteza mtu aliyetupenda kwa ukaidi, na sisi tukamlipa kwa matusi.

Lakini Zulmira amenikataza kumaliza na rambirambi. Anasema rambirambi amezipata za kutosha. Kesho, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, atapanda yeye. Ana miaka sitini na mmoja na magoti mabovu. Mablanketi sasa ni kumi na nane, maana lile la kijani lenye ncha zilizochanika lilikuwa la mama yangu, nimeliondoa ukutani leo asubuhi, na liko hapa studio, mapajani mwangu, linanuka ukungu na mvua za zamani. Hayo kumi na nane ni yenu. Kaeni nayo moyoni usiku wa leo, kisha mwamue kama mnataka mwanamke huyu ayabebe peke yake.

Dereva atakayeanza wa kwanza Jumapili anatoka mji wa Braga. Nimeongea naye kwa simu. Ni kijana mpole, ana adabu, ana haraka. Nimemuuliza kama ana ndugu hapa kwetu. Akasema hapana, hamjui mtu yeyote hapa.